Ndoa, Ugeni na Uenyeji: Habari za Kariakoo na Sheria ya Uraia

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msemo huu aghalabu hufundishwa kwa upande wa kazi, kwamba si vizuri mtu kukaa bure katika nyumba ya mwenziwe. Lakini ndani yake mna swali jingine ambalo walimu huliacha. Mgeni huyo akisha kupewa jembe, akalima, akavuna, akaoa na akapata watoto, ataitwa mgeni mpaka lini? Na ni nani mwenye haki ya kusema kwamba sasa amekuwa mwenyeji?

Katika insha hii tutalitazama swali hilo kwa njia ya ndoa. Tangu zamani watu wa nchi mbalimbali wameoana, na mmoja wao akaihama nchi yake ili akaishi kwa mwenzake. Jambo hili laonekana kama la watu wawili tu na jamaa zao. Kumbe serikali za kila zama zimeliangalia kwa makini, na namna zilivyoliamua hutuonyesha ziliwahesabu vipi watu wao. Maana anayeruhusiwa kumleta mwenzi wake nyumbani bila ya kuulizwa sana ndiye anayehesabiwa kuwa mwenye nyumba.

Mji wa waliokuja

Pahali pa kuanzia ni Kariakoo. Jina lenyewe ni la wageni. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, kilikaa pahali hapo, na ndimi za wenyeji zikaligeuza jina la kikosi kuwa Kariakoo. Wajerumani kabla yao walikuwa wamekwisha kujenga hapo jengo ambalo baadaye lilifanywa soko. Jengo lililochukua nafasi yake, lililosanifiwa na Mtanzania Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975.

Utawala wa kikoloni uliugawa mji kwa rangi za watu. Wazungu walikuwa na upande wao karibu na bahari, Wahindi upande wao wa maduka, na Waafrika wakawekwa ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja. Hivyo Kariakoo ikawa makao ya Waafrika wa kila namna. Majina ya mitaa yanatosha kuwa ushahidi: Kongo, Nyamwezi, Pemba, Swahili. Walikuwapo Wazaramo, ambao nchi ya kandokando ni yao. Wakaja Wamanyema waliotoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Wanubi waliokuwa askari wa Wajerumani, Wangazija wa visiwa vya Komoro, na Washihiri wa Hadhramaut. Wengi wa wanaume hawa walikuja peke yao. Hawakuwa na ukoo mjini, wala shamba, wala kaburi la babu. Kilichowafanya kuwa watu wa mji ni kodi ya chumba kwanza, na ndoa baadaye.

Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo yafaa kutazamwa hapa, maana ilisaidia sana katika jambo hili. Ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma, na baraza mbele. Mwenye nyumba alikaa katika chumba kimoja au viwili na vingine akavipangisha. Wapangaji wa makabila mbalimbali walichota maji pamoja, wakapika katika ua mmoja na kuuguzana. Huko ndiko posa nyingi zilikoanzia. Mpangaji aliyeoa katika nyumba ya jirani alipata mkwe, shemeji na mawifi. Akifiwa alikuwa na watu wa kumzikia. Tangu siku hiyo mtaa ulimwita mwana wa mtaa, na watoto wake hawakuulizwa habari za asili yao ila kwa utani.

Tuchukue mfano wa ukoo mmoja ulio mashuhuri. Sykes Mbuwane alikuwa Mzulu aliyeletwa kutoka Inhambane, Msumbiji, kuwa askari katika jeshi la Mjerumani Wissmann lililopigana pwani tangu mwaka 1889. Mwanawe Kleist alizaliwa Pangani mwaka 1894, akakulia Dar es Salaam, na mwaka 1929 alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association. Wajukuu wa askari yule, Abdulwahid na Ally Sykes, walikuwamo katika mkutano ulioanzisha TANU hapo Kariakoo tarehe 7 Julai 1954. Katika vizazi vitatu tu, ukoo wa mgeni aliyekuja kuitiisha nchi kwa bunduki ulitoa watu wa kuikomboa. Hakuna cheti cha uraia kilichofanya kazi hiyo. Ilifanywa na ndoa, malezi na ujirani.

Desturi mbili za kuhama

Vijana wengi hudhani kwamba kwa desturi ya Kiafrika mke peke yake ndiye anayehama. Dhana hii si sahihi. Ni kweli kwamba kwa makabila mengi mke huenda kwao mume. Lakini Waluguru, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kadhalika Wayao na Wamakonde, walikuwa na desturi ya mume kuhamia kwao mke na kulima shamba la wakwe zake. Kwa Wangazija binti hujengewa nyumba na jamaa zake, na mumewe ndiye anayeingia katika nyumba hiyo. Watu wa makabila hayo yote walifika Kariakoo na desturi zao. Na katika mji huo wanawake wengi walikuwa na nyumba zao wenyewe, kwa kurithi au kwa kujenga kwa fedha za biashara ndogondogo. Mgeni aliyeoa mwanamke mwenye nyumba alihamia kwa mkewe, wala watu hawakuona ajabu.

Basi tushike neno hili: desturi za nchi yetu zilijua kumpokea mke mgeni, na zilijua kumpokea mume mgeni. Milango yote miwili ilikuwapo.

Binti wa Sultani na mwalimu wa Bagamoyo

Sasa tutazame habari za watu wawili wa pwani yetu ambao ndoa ziliwavusha bahari.

Wa kwanza ni Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1844. Ndugu yake, Seyyid Majid, ndiye aliyeanza kuujenga mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Katika miaka hiyo hiyo Salme alipendana na mfanyabiashara kijana kutoka Hamburg, Heinrich Ruete. Mwezi wa Agosti 1866 alitoroka Unguja kwa manowari ya Kiingereza, akaenda Aden, na huko tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily, akaolewa, akasafiri kwenda Ujerumani. Miaka mitatu baadaye mumewe alikufa kwa ajali ya gari la reli la mjini, akamwacha na watoto wadogo katika nchi ya baridi na lugha ngeni. Alibaki na hesabu ya raia wa Kijerumani aliyoipata kwa njia ya ndoa. Mwaka 1885 serikali ya Bismarck ilimleta Unguja pamoja na manowari zake, madai yake ya urithi yakiwa chombo cha kumtishia Seyyid Barghash. Urithi hakuupata. Alifariki Ujerumani mwaka 1924.

Wa pili ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye jina lake lastahili kujulikana katika kila shule inayofundisha Kiswahili. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki. Maelezo yake juu ya maisha ya watu wa pwani ndiyo yaliyofanya sehemu kubwa ya kitabu Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Mwaka 1904 Mtoro alimwoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske, kwa ndoa halali ya sheria za nchi ile. Mwaka 1905 alisafiri pamoja naye kurudi kwao. Walipofika pwani ya Afrika Mashariki, utawala wa kikoloni ulimkataza mke asishuke. Mtoro alipewa kuchagua kati ya nchi yake na mkewe. Alirudi Ulaya pamoja na mkewe, akaishi huko kwa kufundisha na kuhutubia, na mwaka 1927 akafa Berlin bila ya kuiona tena Bagamoyo.

Hebu tuzilinganishe habari hizi mbili. Katika sheria za Ulaya za karne ile mke alifuata hali ya mumewe. Ndivyo ilivyoandikwa katika sheria za Ufaransa za mwaka 1804, zilizoigwa na mataifa mengi. Mwanamke wa Kiingereza aliyeolewa na mgeni baada ya mwaka 1870 alipoteza uraia wake, na Marekani ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1907. Kwa kanuni hii Salme aliingia Ujerumani na kuhesabiwa raia. Kwa kanuni hiyo hiyo Bertha alistahili kumfuata mumewe mpaka Bagamoyo. Lakini kanuni ilipomfikia mume aliye Mwafrika, ikaachwa. Wenye koloni waliona kwamba mke wa Kizungu akishuka pwani kwa mkono wa mumewe Mwafrika, itakuwa vigumu kuwaambia watu kwamba Mwafrika ni mtwana katika nchi yake. Mwaka 1906 ndoa za namna hiyo zilipigwa marufuku katika koloni. Mtoro alizaliwa Bagamoyo, lakini siku ile wenye serikali hawakumhesabu kuwa mwenye nyumba.

Uhuru na uraia

Mwezi wa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Bunge la Tanganyika lilijadili muswada wa uraia. Baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika tu. Julius Nyerere, aliyekuwa Waziri Mkuu, alikataa katakata, akasema serikali yake ingejiuzulu kuliko kukubali uraia wa rangi. Muswada ukapita. Hapana shaka kwamba ule ulikuwa ushindi mkubwa. Mlango aliofungiwa Mtoro kwa sababu ya rangi haukufungwa tena na Tanganyika huru kwa sababu hiyo.

Hata hivyo sheria ile ilibakiza urithi mmoja wa Ulaya. Ilisema kwamba mwanamke aliyeolewa na raia ana haki ya kuandikishwa kuwa raia. Juu ya mwanamume aliyeoa raia, ilinyamaza. Ile kanuni ya kwamba mke hufuata mume iliingia katika sheria zetu kimyakimya, ingawa desturi za Waluguru, Wamakonde na Wangazija hazikuijua hivyo.

Wala haifai kusahau ni akina nani waliojitoa kwa ajili ya uhuru huo. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, alianza mwaka 1955 kuiongoza sehemu ya wanawake ya TANU. Akapita katika vikundi vya ngoma vya wanawake wa mji huu akiwahimiza kukata kadi, na wakakata kwa wingi, wengine kwa siri, maana waume zao walikuwa waajiriwa wa serikali ya kikoloni na waliogopa kufukuzwa kazi. Wanawake hao waliingia katika Uhuru wakiwa raia kamili, isipokuwa katika jambo hili moja.

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 ilipanga upya mambo haya. Kwa upande wa watoto ilisahihisha kasoro kubwa: mtoto aliyezaliwa nje ya nchi aweza kuupata uraia kwa baba au kwa mama, iwapo mzazi huyo mwenyewe si raia kwa kurithi. Lakini kwa upande wa ndoa iliacha mambo kama yalivyokuwa. Mwanamke mgeni aliyeolewa na raia aweza kuomba uraia wakati wowote mumewe akiwa hai. Mwanamume mgeni aliyeoa raia hana njia hiyo. Hana budi kupita katika njia ya wageni wote: awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema, kisha Waziri aridhike. Na yeyote anayekubaliwa, mume au mke, huukana uraia wake wa kwanza, kwa kuwa nchi yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili.

Hivyo basi, mama wa Kitanzania aweza kumrithisha mwanawe uraia, na hawezi kumfungulia mlango baba wa mwana huyo.

Mizani ya mtaani

Ili wanafunzi walielewe jambo hili vizuri, tutoe mfano wa kubuni. Katika nyumba moja ya Mtaa wa Swahili wamezaliwa ndugu wawili, kaka na dada. Kaka ameoa binti wa Bujumbura. Dada ameolewa na kijana wa Bukavu aliyekuja kununua vitenge, akabaki. Ndoa zote mbili zimefungwa kwa kufuata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo husema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke unaokusudiwa kudumu kwa maisha yao. Shemeji hawa wawili hula chakula katika sinia moja. Wifi wa Bujumbura aweza kuomba uraia mwaka huu huu. Shemeji wa Bukavu huishi kwa kibali cha ukaazi chenye muda na ada yake, na kila muda ukikaribia kwisha nyumba nzima hushikwa na wasiwasi.

Tena wasiwasi huo umezidi. Mwezi wa Julai 1925 ungekuwa wa mambo mengine. Lakini mwezi wa Julai 2025 ilitolewa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya biashara za namna 15, zikiwamo za jumla na rejareja isipokuwa maduka makubwa na vituo maalumu vya kuuzia mazao ya wazalishaji wa ndani, na kazi ya kutengeneza simu. Amri hiyo ilifuata malamiko ya wafanyabiashara wa Kariakoo kwamba wageni wenye mitaji mikubwa wanawanyang'anya riziki. Malalamiko hayo yalikuwa na msingi, na wajibu wa serikali kuwalinda wananchi wake haukanushiki. Lakini amri iliyokusudiwa kwa mwenye mtaji kutoka mbali yamgusa pia mume wa binti wa Mtaa wa Swahili, aliyeweka meza ya vitenge kwa ajili ya karo ya watoto ambao wenyewe ni raia. Wifi yake akipata uraia amri haimhusu tena.

Nami nathubutu kulieleza kwa beti moja:

Mke akija mgeni, mlango hufunguliwa,
Mume akija nyumbani, barazani huzuiwa,
Ndoa ni moja thamani, mahari imetolewa,
Kwa nini basi mizani, upande hupunguziwa?

Wako wanaojibu kwamba mume mgeni huweza kuoa kwa hila, apate uraia na biashara, kisha amwache mkewe. Hofu hii si ya kudharauliwa, maana ndoa za makaratasi zimeonekana katika nchi nyingi. Lakini hila haina jinsia. Mwanamke aweza kuolewa kwa hila kama mwanamume awezavyo kuoa kwa hila. Dawa ya hila ni kuipima ndoa yenyewe, kwa muda na kwa ushahidi wa majirani.

Mafunzo ya nchi nyingine

Jirani zetu wa Kenya walikuwa na sheria kama yetu tangu mwaka 1963. Katiba yao ya mwaka 2010 iliibadilisha: mtu yeyote, mume au mke, aliyekaa katika ndoa na raia kwa miaka isiyopungua 7 ana haki ya kuomba kuandikishwa kuwa raia. Wameweka mizani moja, na muda wa kutosha kuipambanua ndoa ya kweli na ya hila. Huko Botswana, Unity Dow, mwanasheria aliyeolewa na Mmarekani, aliishtaki serikali kwa kuwa wanawe hawakuhesabiwa raia ingawa mama yao alikuwa raia wa kuzaliwa. Mwaka 1992 Mahakama ya Rufani ilimpa ushindi.

Habari za Uingereza zina onyo ndani yake. Mwaka 1985 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kesi ya wanawake watatu waliokuwa wakazi halali wa Uingereza, ambao waume zao walikataliwa kukaa nao wakati wanaume wa hali kama yao waliruhusiwa kuwaleta wake zao. Mahakama iliona kwamba wanawake wale walibaguliwa kwa jinsia yao. Serikali ya Uingereza ilileta usawa kwa namna yake: iliwatilia wake masharti yale yale magumu ya waume. Tangu mwaka 2012 kipimo kikawa fedha. Raia anayetaka kumleta mwenzi wake kutoka nje alitakiwa awe na kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka, na mwaka 2024 kiasi hicho kikapandishwa kuwa pauni 29,000. Usawa, kwa hiyo, waweza kuletwa kwa kufungua mlango wa pili, au kwa kuufunga ule wa kwanza. Taifa lenye busara huchagua mapema.

Nchi yetu ilikwisha kuchagua kwa maneno. Mwaka 1985 Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, uliopitishwa mwaka 1979, ambao katika kifungu chake cha 9 unasema wanawake wawe na haki sawa na wanaume za kupata, kubadili na kubaki na uraia, na haki sawa juu ya uraia wa watoto wao. Habari ya watoto tumeitengeneza. Iliyobaki ni habari ya ndoa.

Lugha yetu yenyewe yaweza kutufundisha. Twasema mume huoa na mke huolewa, na kwa kauli hiyo mmoja huonekana mtenda na mwingine mtendwa. Lakini tunayo kauli ya tatu, kuoana, ambayo haimtangulizi mmoja wala kumfuatisha mwingine. Sheria ya uraia bado inasema kuolewa. Desturi za pwani na za bara, pamoja na maisha ya mitaa ya Kariakoo, zimekuwa zikisema kuoana kwa muda mrefu.

Walimu wa historia na uraia wanaweza kulifanya jambo hili kuwa somo la darasani pasipo kungoja vitabu vipya. Kila mwanafunzi na aulize nyumbani kwao: Nani katika ukoo wetu alikuja kutoka mbali? Aliingia kwa njia ya mume au ya mke? Nani alimpokea, na tangu lini akaacha kuitwa mgeni? Majibu yakiandikwa na kulinganishwa, wanafunzi wataona kwamba mabibi zao hawakuwa wenye kupokelewa tu. Wengi wao ndio waliokuwa wenye nyumba, na ndio waliopokea.